Padre Calderón na Jukwaa la Dunia

Tangu karne zake za kwanza Kanisa limeutazama mchezo wa kuigiza kwa tahadhari. Mababa wa kale waliona katika majumba ya michezo ya Warumi ibada za miungu na ufisadi wa hadharani, na mwigizaji aliyeomba ubatizo alitakiwa kwanza aiache kazi yake. Lakini Kanisa hilo hilo, katika karne za kati, liliwaruhusu watawa waigize mbele ya altare jinsi wanawake watakatifu walivyolikuta kaburi tupu asubuhi ya Pasaka. Je, jukwaa ni adui wa altare, au laweza kuwa mtumishi wake? Leo twapenda kulitazama swali hili katika maisha ya mtu mmoja, Padre Pedro Calderón de la Barca wa Hispania.

Alizaliwa mjini Madrid tarehe 17 Januari 1600. Mama yake alifariki mwaka 1610, na baba yake, aliyekuwa karani katika hazina ya mfalme, alimfuata mwaka 1615. Kijana alisomeshwa na Mapadre Wajesuiti, kisha akasoma katika vyuo vikuu vya Alcalá na Salamanca. Jamaa zake walitumaini kwamba atakuwa padre; yeye akaliacha tumaini hilo, akashika utunzi wa mashairi na michezo.

Hatupendi kuupamba ujana wake. Mwaka 1621 yeye na ndugu zake waliingia katika kesi ya mauaji ya mtu mmoja, wakalazimika kulipa fidia kubwa. Mwaka 1629 mwigizaji mmoja alimchoma kisu ndugu yake, akakimbia. Calderón na wenzake, wakimsaka, wakaivamia nyumba ya masista Watrinitari na kuwatia masista hofu kubwa. Mhubiri wa mfalme alipolikemea tendo hilo, mtunzi alimdhihaki katika mchezo wake, naye akaadhibiwa. Basi hakuwa malaika aliyeshuka jukwaani, bali mtu mwenye damu moto kama vijana wengi tuwajuao.

Hata hivyo, kipaji kilikuwa kikubwa. Katika mchezo wake mashuhuri, Maisha ni Ndoto, uliochapishwa mwaka 1636, mfalme wa Poland anazisadiki nyota zinazotabiri kwamba mwanawe atakuwa mkatili, naye anamfungia mnarani tangu kuzaliwa. Siku moja anamjaribu kwa kumleta ikuluni. Kijana, asiyepata kulelewa na mtu kama mwana wa mfalme, anatenda ukatili kweli, naye anarudishwa kifungoni na kuambiwa kwamba yote yalikuwa ndoto. Anapofunguliwa tena anajisemea moyoni kwamba, iwe ndoto au kweli, kutenda mema hakupotei. Naye anamsamehe baba yake. Wale wanaotafuta ramli ili wajue waliyoandikiwa wangefaidika na mchezo huu, maana wafundisha kwamba nyota huweza kumwelekeza mtu, lakini haziwezi kumnyang'anya hiari aliyopewa na Mungu.

Ndipo misiba ikaja. Calderón alipigana katika vita ya Catalonia kuanzia mwaka 1640. Ndugu yake mmoja alifariki mwaka 1645, na wa pili mwaka 1647. Mfalme alifiwa na malkia, kisha na mrithi wake, na majumba ya michezo yakafungwa. Calderón alikuwa amepata pia mtoto nje ya ndoa. Mwaka 1650 aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1651, mwenye umri wa miaka 51, alipewa daraja la upadre. Mtoto yule, aliyekuwa akimwita mpwa wake, sasa alikiri waziwazi kwamba ni mwanawe.

Wengi wangetazamia kwamba padre huyo angeitupa kalamu. Wakubwa wengine walimnyima nafasi ya ukapelani kwa kuwa alikuwa mtunzi wa michezo, na wakati huo huo akatakiwa aandike michezo ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Alimwandikia Patriarka kwa adabu na kwa ujasiri: ikiwa kazi hii ni njema, asizuiliwe, ikiwa ni mbaya, asiamriwe kuifanya. Mwaka 1653 alipewa ukapelani katika Kanisa Kuu la Toledo.

Tangu hapo hakuiandikia tena michezo viwanja vya kawaida vya mjini. Aliandika kwa ajili ya jumba la mfalme, na mwaka 1660 alitoa maneno ya michezo miwili iliyoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao, ukiwa na muziki mpya, uliimbwa Lima mwaka 1701, nao ndio opera ya kwanza inayojulikana katika Amerika. Lakini moyo wake ulikuwa katika michezo ya Sakramenti. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuandikia mji wa Madrid michezo ya sikukuu ile, nayo ilichezwa uwanjani juu ya magari makubwa ya kukokotwa, mbele ya mfalme na maskini pamoja.

Katika mmoja wa michezo hiyo, alioutunga kabla ya kuwa padre, Mungu anagawa sehemu za kuigiza: huyu mfalme, huyu tajiri, huyu mkulima, huyu maskini. Waingia kwa mlango wa utoto na kutoka kwa mlango wa kaburi, wala hakuna mazoezi kabla ya mchezo. Mwishoni Dunia yawavua wote mavazi yake. Mwenyezi Mungu haulizi nani alipewa sehemu kubwa, bali nani aliicheza vema. Na maskini aketi karamuni, naye tajiri mwenye choyo akataliwa.

Wataalamu wamemhukumu mbalimbali. Mwaka 1765 Mfalme Carlos III aliipiga marufuku michezo ya Sakramenti, na wasomi wa wakati ule waliona kwamba yachanganya mambo matakatifu na mizaha. Huko Ujerumani, Goethe alimsifu, akauonyesha mchezo wake mmoja Weimar mwaka 1811. Mwaka 1943 Alexander Parker, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwamba si mahubiri yaliyovikwa mavazi, bali ni michezo kamili yenye sanaa yake. Tangu mwaka 1924 mchezo ule wa dunia umechezwa mara nyingi mbele ya abasia ya Einsiedeln, Uswisi.

Padre Calderón alifariki siku ya Pentekoste, tarehe 25 Mei 1681, akiacha mchezo mmoja wa Sakramenti haujakwisha. Aliagiza achukuliwe kaburini jeneza likiwa wazi, ili watu wayaone mavazi ya dunia yanavyokoma.

Parokia zetu huandaa michezo ya Noeli na ya Mateso ya Bwana, na vijana wetu huona mingine mingi isiyotoka parokiani. Haitoshi wazazi kukataza, wala haitoshi kuachia. Wakae na watoto wao, wautazame mchezo, kisha waulize kama umewaonyesha hiari ya mtu na hesabu atakayoitoa, au umewafundisha kuvipenda tu vile vitakavyovuliwa mlangoni.