Daktari aliyeandika makosa yake

Wenzangu wa ualimu, tuseme ukweli. Ile sehemu ya mwisho ya andalio la somo, pale pa tathmini, wengi wetu tunaijaza hata kabla ya kuingia darasani: somo limeeleweka vizuri. Mimi nilifanya hivyo field iliyopita. Nilifundisha mgawanyiko wa seli, nikatoa jaribio, zaidi ya nusu ya darasa wakachemka. Andalio langu mpaka leo linasema wameelewa. Ndiyo maana nataka tumzungumzie Harvey Cushing.

Cushing alizaliwa mwaka 1869 mjini Cleveland, Marekani, katika ukoo wa madaktari. Alisoma Yale, kisha udaktari Harvard. Akiwa bado mwanafunzi kama sisi, siku moja aliitwa ampe mgonjwa etha ili alale, apasuliwe. Hakuwa amefundishwa kazi hiyo vya kutosha. Mgonjwa akafa. Daktari mkubwa akamwambia asijali, kwani mgonjwa asingepona hata hivyo. Kijana hakutulia. Alizunguka mitaani akifikiria kuacha udaktari kabisa.

Hakuacha. Yeye na mwenzake Ernest Codman walianza kuandika mapigo ya moyo na upumuaji wa kila mgonjwa waliyemlaza, kila baada ya dakika chache. Wakawekeana hadi dau la chakula cha usiku, nani atalaza wagonjwa vizuri zaidi. Chati za nusukaputi tunazoziona hospitalini leo zina asili yake kwenye karatasi zile.

Baadaye akaingia kwenye ubongo. Mwanzoni mwa karne ya 20, kufunguliwa fuvu kulikuwa karibu sawa na kuaga. Mwaka 1901 alirudi Marekani kutoka Italia na kipimo cha shinikizo la damu cha kufunga mkononi. Mwaka 1926 akaanza kutumia kifaa cha umeme cha William Bovie kuzuia damu kuvuja. Kufikia 1931 alikuwa amepasua uvimbe wa ubongo 2,000, na vifo mikononi mwake vilikuwa vimepungua sana. Hakuwa malaika: wasaidizi wake walimwogopa kwa ukali.

Lakini swali la ndugu wa mgonjwa lilikuwa lilelile la leo: huu uvimbe ni mbaya au si mbaya? Cushing hakuwa na jibu, basi akalitafuta kwenye kumbukumbu zake. Alihifadhi kila uvimbe, na aliowapasua aliendelea kuwaandikia barua kujua hali zao. Louise Eisenhardt, aliyeanza kwake kama karani kisha akasomea udaktari, aliweka daftari la kila uvimbe na kilichompata mwenye nao. Mwaka 1926 Cushing na Percival Bailey wakatoa kitabu kilichogawa uvimbe wa aina ya glioma kwa sura ya seli zake chini ya hadubini, na kuonyesha kila kundi liliishi muda gani. Sasa fikiria kama angeficha waliokufa. Kitabu chote kingekuwa uongo.

Leo maabara zinatazama pia protini. Iko moja inaitwa Ki-67, jina lililotokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ilikoelezwa mwaka 1983. Inapatikana ndani ya seli zinazojigawa, iliyopumzika haina. Kipande cha uvimbe kinawekewa kingamwili na rangi, kisha zinahesabiwa seli zilizoshika rangi. Zikiwa nyingi, uvimbe unakua kwa kasi. Nyingine, GFAP, husaidia kutambua kama uvimbe umetokana na seli za glia. Hakuna protini moja inayomaliza kesi. Mtaalamu huziweka pamoja na sura ya seli na vipimo vya jeni. Lakini ili ujue protini fulani inaashiria hatari, lazima kwanza mtu awe ameandika kwa uaminifu nani alipona na nani alikufa. Hapo bado tunatembea kwenye njia ya Cushing.

Alifariki mwaka 1939 kwa ugonjwa wa moyo. Walipomfanyia uchunguzi walikuta ndani ya ubongo wake mwenyewe uvimbe mdogo, usio wa saratani. Mitungi yake ya bongo za wagonjwa ilikaa miaka mingi chini ya hosteli ya wanafunzi wa udaktari Yale, nao wakawa wanashuka usiku kwa kujificha kuishangaa. Mwaka 2010 ikapewa chumba cha heshima kwenye maktaba yao.

Andalio langu nilishalikabidhi, siwezi kulirekebisha. Wale watoto nao wameshahamia mada nyingine, na mgawanyiko wa seli hawajui. Field ijayo nitajaza tathmini baada ya kengele kulia, nikiwa na karatasi za jaribio mkononi. Kama wamechemka, nitaandika wamechemka, kisha kesho yake nitafundisha upya.