Az-Zahrawi, Tabibu wa Majeraha

Ndugu mwanafunzi, Abul-Qasim Az-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka 936 huko Andalusia, Hispania ya leo. Jina lake linatokana na mji wa Madinat az-Zahra, jirani na Cordoba.

Zama zake wako waliotumia kisu bila kuujua mwili. Alisimulia habari ya tabibu mjinga aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke: alikata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa palepale.

Kwa hiyo akawataka wanafunzi wake wajifunze kwanza viungo na mishipa. Aliandika kitabu At-Tasrif, chenye sehemu 30. Ya mwisho inahusu upasuaji, pamoja na picha za zana zipatazo 200. Humo alieleza namna ya kushona majeraha, na kuzuia damu kwa chuma cha moto, kwa kufunga mshipa kwa uzi, au kwa dawa na bendeji.

Alifariki karibu na mwaka 1013. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri Kilatini kitabu cha upasuaji, na Ulaya ikakisoma kwa karne nyingi.

Tukumbuke: elimu hutangulia mkono. Mwenyezi Mungu amrehemu, nasi atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.