Mzinga wa sumaku uliozaa mbolea

Mbolea ya Yara inayouzwa Tanzania na Kenya ina chimbuko lake kwenye mzinga ulioharibika mbele ya wageni waalikwa. Mwenye mzinga huo alikuwa Kristian Birkeland, profesa wa fizikia aliyezaliwa mwaka 1867 Christiania, jiji la Norway ambalo sasa linaitwa Oslo.

Birkeland alitaka kujua kinachowasha mianga ya rangi angani usiku huko kaskazini ya mbali. Aliamini ni chembe za umeme zinazotoka kwenye jua na kuvutwa na sumaku ya dunia. Kuthibitisha hilo kulihitaji safari za gharama kwenye milima ya barafu, hivyo akatafuta kitu cha kuuza.

Mwaka 1901 alipata hataza ya mzinga usiotumia baruti. Koili za waya wa shaba zilipangwa kuzunguka mtutu. Umeme ulipopita, koili iligeuka sumaku na kuvuta risasi ya chuma. Risasi ilipofika, koili hiyo ilikatiwa umeme na ya mbele ikavuta, na kila hatua iliongeza kasi. Kampuni ikaundwa, na miongoni mwa walioweka mtaji alikuwa Gunnar Knudsen, baadaye waziri mkuu.

Mwaka 1903, katika ukumbi wa chuo kikuu, Birkeland alionyesha bidhaa yake. Alipowasha, mzinga ukapiga shoti kwa kishindo na mwale wa moto. Watu wakataharuki, na soko la mzinga likafa.

Mwaka huohuo alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa na haki za kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya maji lakini hana bidhaa ya kutengeneza. Eyde alihitaji radi kali ya kuunguza hewa ili apate naitrojeni ya mbolea. Birkeland alikuwa ameshaiona radi hiyo kwenye shoti yake. Kwa kutumia sumaku, aliutandaza mwale ukawa kama sahani ya moto. Mwaka 1905 ikazaliwa Norsk Hydro, kwa mtaji kutoka Sweden na Ufaransa. Njia hiyo ilikula umeme mwingi, ikaja kuachwa kwa njia nafuu zaidi ya Wajerumani, lakini kampuni ilibaki. Yara ilitengwa kutoka humo mwaka 2004.

Fedha za mbolea zililipia utafiti, ila afya yake ilidhoofika kwa kukosa usingizi na kutegemea dawa. Kuanzia 1913 aliishi Misri, akichunguza mianga ya anga hadi Sudan. Vita vilipofunga njia za Ulaya, alizungukia Japan ili arudi kwao. Juni 1917 alikutwa amefariki hotelini Tokyo, akiwa na miaka 49. Setilaiti za miaka ya 1960 zilithibitisha mikondo ya umeme aliyoitabiri.

Wazo la mzinga nalo halikufa. Miaka ya 1970, Gerard O'Neill wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alipendekeza koili kama hizo zirushe mizigo kutoka mwezini, ambako hakuna hewa. Kurusha chombo kutoka duniani ni kazi ngumu zaidi. Kinahitaji takriban kilomita 8 kwa sekunde ili kizunguke dunia bila kuanguka, na kwa kasi hiyo hewa nzito ya chini hukiunguza. Zaidi ya miaka 100 tangu shoti ile, wazo la Birkeland bado liko hai.