Fadhili William na Haki ya Mtunzi

Aghalabu jina la mtu hubeba historia yake. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wataita, alibeba katika jina lake utambulisho wa watu wake, kwani Mdawida ni Mtaita kwa lugha ya Kidawida. Hata hivyo, huenda wanafunzi wengi wa Marungu, Voi na Mwatate huuimba wimbo wa Malaika pasi na kujua kwamba aliyetangulia kuutia katika santuri alikuwa mwana wa kwao.

Fadhili alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa. Aliurekodi wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na bendi yake, Jambo Boys. Katika studio ya Equator jijini Nairobi, iliyoongozwa na Charles Worrod, alifanya kazi bega kwa bega na Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Leo mmoja aliimba mbele, kesho alimpigia mwenzake ala. Santuri ilitoka kwa jina moja ilhali ndani yake mlikuwa na mikono ya wengi.

Kisha Malaika ikavuka mipaka. Miriam Makeba aliieneza duniani, na mwaka 1981 kundi la Boney M likaitoa upya. Maadamu wimbo ulikuwa umegeuka mali, swali la mtunzi likawa swali la haki. Fadhili alishikilia kwamba ni wake. Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuutunga, na jina la Grant Charo pia limetajwa. Mjadala haujakoma. Fadhili mwenyewe, baada ya kuishi Marekani miaka mingi, alirejea Kenya na kufariki Februari 2001.

Mimi ni mwanaisimu, wala sina mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Ninachopinga ni desturi yetu walimu ya kuukwepa ugumu wake kwa kuuita Malaika wimbo wa jadi. Tukisema hivyo, tunamnyang'anya kila mdai kwa mpigo mmoja, kwa sababu wimbo usio na mwenyewe haumlipi yeyote. Vilevile si haki kumpa Fadhili utunzi wote kana kwamba wengine hawakunena.

Iliyo haki ni kutenganisha kazi tatu: kutunga, kuimba na kurekodi. Kwamba Fadhili aliimba na kurekodi, hilo halina ubishi; utunzi ndio unaobishaniwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2001 na kuanza kutumika 2003, nayo hulinda mtunzi, msanii na rekodi kila mmoja kwa nafasi yake. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fasihi simulizi: mwanafunzi wa Marungu anapokusanya nyimbo za wazee, aandike jina la aliyeimba, la aliyemfundisha, mahali na tarehe. Daftari la namna hiyo lingaliwekwa mapema, huenda Fadhili na wenzake wasingaligombania wimbo mmoja hadi kaburini.