Johnny Unitas: namba 102 aliyefukuzwa na timu ya mji wake

Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1958, katika uwanja wa Yankee Stadium mjini New York, timu ya Baltimore Colts ilikuwa nyuma kwa pointi 3 katika fainali ya mpira wa Marekani, ule unaochezwa kwa mikono na mpira wenye umbo la yai. Zilibaki dakika zisizofika 2. Aliyeongoza mashambulizi alikuwa Johnny Unitas, kijana wa miaka 25 ambaye miaka 3 mbele ya hapo alikuwa akilipwa dola 6 kwa mechi.

Unitas alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tano 1933 huko Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, katika familia yenye asili ya Lituania. Baba yake, aliyekuwa akipeleka makaa ya mawe nyumba kwa nyumba, alikufa Johnny akiwa na miaka 5. Mama akabaki na watoto 4 na akafanya kazi mbili ili wapate kula. Chuo kikuu cha Notre Dame, chenye jina kubwa katika mchezo huo, kilimwona kuwa mwembamba mno. Akaenda Louisville, chuo ambacho wengi hawakukifuatilia.

Huko Marekani timu hazinunui vijana kama klabu za soka zinavyofanya. Kila mwaka zinakutana na kuchagua kwa zamu wachezaji wanaomaliza vyuo. Hiyo ndiyo drafti. Mwaka wa 1955 timu zilikuwa 12 na duru 30. Aliyeitwa wa kwanza kabisa ni George Shaw, akachukuliwa na Baltimore. Wa tatu, Alan Ameche, naye akaenda Baltimore. Unitas aliitwa katika duru ya 9, namba 102, na Pittsburgh Steelers, timu ya kwao.

Mchezaji wa duru za chini hapewi muda mwingi wa kujionyesha. Kocha Walt Kiesling alikuwa na warushaji 4 na nafasi 3 tu. Hakumwingiza Unitas uwanjani hata dakika moja katika mechi za matayarisho, kisha akamwondoa, akimwona hana akili ya kuongoza timu. Vic Eaton, wa duru ya 11, akabaki, kwa kuwa alijua pia kupiga mpira kwa mguu na kucheza nyuma. Hesabu hiyo ilikuwa na maana yake. Ila mtu alihukumiwa bila kutazamwa akicheza. Unitas alirudi nyumbani kwa kuomba lifti barabarani.

Akafanya kazi ya ujenzi mchana, na kuchezea Bloomfield Rams, timu ya mtaani, kwa zile dola 6. Mwaka wa 1956 Baltimore wakampigia simu, wakamjaribu, na kocha Weeb Ewbank akamweka kuwa msaidizi wa Shaw. Katika mechi ya 4 Shaw akaumia mguu. Namba 102 akaingia mahali pa namba 1. Pasi yake ya kwanza ilinaswa na Chicago Bears, wakaenda nayo hadi mwisho wa uwanja. Siku hiyo Baltimore walifungwa 58 kwa 27. Ewbank hakumwondoa.

Ndiyo maana fainali ya 1958 ilimkuta uwanjani. Alimrushia Raymond Berry pasi 3 mfululizo, yadi 62 kwa jumla. Berry naye alikuwa ameokotwa katika duru ya 20. Zikibaki sekunde 7, matokeo yakawa 17 kwa 17. Katika muda wa nyongeza, wa kwanza katika historia ya fainali hizo, Ameche akamaliza kazi: 23 kwa 17.

Unitas alishinda tena fainali mwaka uliofuata. Katika mechi 47 mfululizo alirusha angalau pasi moja ya kufunga, rekodi iliyodumu hadi 2012. Aliacha mchezo mwaka wa 1974, akiwa amerusha yadi 40.239, jambo ambalo hakuna aliyelifanya mbele yake.

Mchezo nao ulichukua chake. Uzeeni mkono wake wa kulia, ule wa kurushia, haukuweza tena kushika vizuri. Ili acheze gofu alilazimika kuufunga kwenye fimbo kwa mkanda. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 mwezi wa tisa 2002, akiwa na miaka 69.