Padre Matteo Ricci, Mwanafunzi wa Wachina

Safari hii tunamwangalia padre ambaye jina lake hutajwa kila tunaposoma habari za utamadunisho, ila maisha yake yenyewe hayasimuliwi sana.

Matteo Ricci alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1552 mjini Macerata, Italia. Baba yake alimpeleka Roma asomee sheria, lakini mwaka 1571 kijana akaingia Shirika la Yesu. Alifundishwa hisabati na Padre Christopher Clavius, mmoja wa waliotengeneza kalenda tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1578 alipanda meli Lisbon, akazunguka kusini mwa Afrika hadi Goa, akapewa daraja ya upadre huko Cochin, India, mwaka 1580. Agosti 1582 alifika Macau, kituo cha Wareno mlangoni mwa China.

Macau wakati ule Mchina aliyebatizwa alifanywa Mreno: lugha, mavazi, hata jina. Padre Alessandro Valignano, aliyekuwa msimamizi wa misioni za Wajesuiti huko Mashariki, aliligeuza jambo hilo. Aliagiza wamisionari ndio wajifunze Kichina, kukisema, kukisoma na kukiandika. Padre Michele Ruggieri alikuwa ameshaanza, na baadhi ya wenzake walimwona anapoteza muda. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mchoraji: alichora kitu, kisha akamwonesha jinsi kinavyoandikwa na kutamkwa. Ricci alijiunga naye. Katika Kichina silabi moja huwa na maana mbalimbali kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Wenzetu ambao lugha zao za nyumbani zina toni hawatashangaa. Anayejua Kiswahili peke yake angepata shida kama aliyoipata Mwitaliano huyu.

Mwaka 1583 wawili hao waliruhusiwa kukaa Zhaoqing. Walinyoa vichwa na kuvaa kanzu za watawa wa Kibudha, wakidhani kwamba Wachina wangewatambua hivyo kuwa watu wa Mungu. Ugumu huu haukuwa wa lugha. Maofisa na wasomi wengi waliwadharau watawa hao, na mgeni aliyevaa kama wao alidharauliwa pamoja nao. Ricci alivaa hivyo kwa takribani miaka 12. Aliyemfumbua macho ni msomi Qu Taisu, aliyemjia akitaka siri ya kutengeneza fedha, akaishia kujifunza hisabati. Mwaka 1595, kwa ruhusa ya Valignano, Ricci alifuga ndevu, akavaa joho la hariri la wasomi. Mwaka huohuo aliandika kwa Kichina kitabu kidogo kuhusu urafiki, nacho kikasomwa na kunakiliwa na watu ambao hawakuwa na haja yoyote na dini yake.

Tukio linalotugusa zaidi ni la mwaka 1600. Ricci alikuwa safarini kwenda Beijing na zawadi za Kaisari: saa, picha takatifu, kinanda. Njiani alizuiwa na towashi mmoja wa mfalme, Ma Tang, ambaye alipekua mizigo na kukuta msalaba wenye sanamu ya Yesu, umepakwa rangi ya damu. Towashi alipiga kelele kwamba hicho ni kifaa cha uchawi cha kumwua Kaisari. Hata Wachina waliomtakia Ricci mema walichukizwa kuona mtu anatunza sanamu ya mwenzake aliyeteswa namna ile. Ricci hakusema kwamba yule ni Mungu. Alieleza tu kwamba ni mtakatifu mkuu wa kwao aliyekubali kuteseka.

Wapo wanaomlaumu kwa jibu hilo, na hatusemi kwamba halikuwa na gharama. Lakini baada ya miaka 18 alijua kwamba ishara iliyo wazi kwetu ilisema neno jingine kabisa kwa watu wale, na kwamba dakika chache mbele ya towashi mwenye hasira zisingetosha kulisahihisha. Wakatekumeni wake walifundishwa Kanuni ya Imani yote, pamoja na mateso chini ya Ponsyo Pilato.

Aliingia Beijing tarehe 24 Januari 1601. Kaisari Wanli hakumwona uso kwa uso hata siku moja, ila saa zile zilihitaji mtu wa kuzitunza. Huko alishirikiana na ofisa Xu Guangqi, aliyebatizwa Paulo mwaka 1603. Ricci alieleza kwa mdomo, Xu akaandika, na mwaka 1607 wakatoa kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometri ya Euclid. Neno walilolitumia kwa jiometri linatumika China mpaka sasa.

Ricci aliwaruhusu Wakristo kuwaheshimu wahenga wao na Konfusio, kwa kuwa aliona hapo heshima ya ukoo, si ibada. Anayefanya kazi parokiani kwetu anajua swali hilo lilivyo gumu. Baada ya kifo chake lilibishaniwa miaka mingi. Papa Klementi XI alikataza mwaka 1715, Benedikto XIV akakaza katazo mwaka 1742, na mwaka 1939, chini ya Pio XII, Roma ikaruhusu. Katikati ya miaka hiyo familia nyingi zililazimika kuchagua kati ya Kanisa na kaburi la babu.

Alifariki Beijing tarehe 11 Mei 1610, akiwa na miaka 57. Wenzake walimwomba Kaisari kiwanja cha kumzika, akawapa, jambo ambalo mgeni hakulitarajia. Kaburi lilivunjwa mwaka 1900 na tena wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, likarudishwa mara zote mbili. Tarehe 17 Desemba 2022 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa. Jiwe la kaburi limeandikwa kwa Kilatini na kwa Kichina, na kwa Kichina jina lake ni Li Madou.