Eduardo Mondlane: mgeni wa Dar es Salaam aliyeulizwa nani ni mtu wa Msumbiji

Wasikilizaji wetu wa Newala, Masasi, Tunduru na vijiji vya kando ya Mto Ruvuma hawahitaji kuelezwa maana ya kuwa na ndugu ng'ambo. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za mto, kwa sababu Wajerumani na Wareno walipogawana ardhi mwishoni mwa karne ya 19 hawakumuuliza mtu shamba la shangazi yake liko wapi. Na wazee wengi wa kusini mwa Tanzania wanakumbuka miaka ya 1960, watu walipokuwa wakivuka kutoka Msumbiji na vyungu kichwani na watoto mgongoni.

Katika makala hii tunamwangalia mkimbizi mmoja ambaye hakuvuka mto kwa mtumbwi. Alifika Dar es Salaam kutoka Marekani, akiwa na shahada ya udaktari, mke Mzungu na watoto watatu. Huyo ni Eduardo Chivambo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Habari za vita alivyoviongoza zimesimuliwa mara nyingi. Sisi tutakaa zaidi na ile karibu miaka sita aliyoishi Tanzania, kwani hapo ndipo alipokutana na swali lililomsumbua kuliko bunduki za Wareno: nani hasa ni mtu wa Msumbiji?

Mchunga mifugo wa Gaza

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwadjahane, wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Ni mbali sana na Ruvuma. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga, naye alifariki Eduardo akiwa bado mdogo. Alikua akichunga mifugo na kaka zake kama watoto wengine wa kijijini, na mama yake ndiye aliyemsukuma aende shule. Mama huyo naye alifariki kabla mtoto hajawa mtu mzima.

Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uswisi walimsomesha, lakini chini ya Wareno Mwafrika hakuwa na njia ya kwenda mbali. Mondlane akavuka mpaka wake wa kwanza, kwenda Afrika Kusini. Alisoma huko hadi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamfukuza nchini. Akaenda Lisbon mwaka 1950, ambako polisi wa siri wa Ureno hawakumpa nafasi ya kupumua. Mwaka 1951 akaingia Marekani, akasoma Chuo cha Oberlin, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, alikopata udaktari wake mwaka 1960.

Katika kiangazi cha mwaka 1951 alialikwa kuzungumza na vijana wa kanisa waliokuwa kambini katika jimbo la Wisconsin. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 17, Janet Rae Johnson. Waliandikiana barua kwa miaka mitano, wakaoana mwaka 1956. Wazazi wa binti walipinga. Wamisionari waliomlea Mondlane nao hawakufurahi, maana walikuwa wakitarajia arudi nyumbani aoe huko. Tukumbuke kwamba wakati huo majimbo mengi ya Marekani bado yalikuwa na sheria zinazokataza ndoa kati ya Mweusi na Mweupe, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizifuta mwaka 1967 tu. Kwa hiyo wawili hawa walizoea kunyoshewa vidole muda mrefu kabla ya kufika Afrika Mashariki.

Kuanzia mwaka 1957 Mondlane alifanya kazi Umoja wa Mataifa mjini New York, katika idara iliyosimamia nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo, na huko ndiko alikofahamiana na Julius Nyerere, aliyekuwa akifika kudai uhuru. Mwaka 1961 Mondlane alikwenda na familia yake kuitembelea Msumbiji. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa, Wareno hawakuweza kumgusa. Watu walimiminika kumwona, na majasusi nao wakawa nyuma yake kila alikokwenda. Aliporudi Marekani aliacha kazi ile, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse, mahali ambapo angeweza kusema siasa kwa uhuru zaidi.

Vyama vitatu, nchi tatu za jirani

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, na kila kimoja kilikuwa kimezaliwa katika nchi ya jirani. UDENAMO ilianzishwa na watu wa Msumbiji waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. UNAMI ilitokea Nyasaland, yaani Malawi. MANU ilikuwa ya Wamakonde waliokuja Tanganyika na Kenya kukata mkonge na kupakia mizigo bandarini. Hata jina lake lilifuata mfano wa TANU na KANU.

Kwa maneno mengine, watu hawa wote walikuwa wamejifunza siasa ugenini, kila mmoja kwa mwenyeji wake. Mmakonde aliyekaa miaka kumi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga alizungumza Kiswahili vizuri, na Dar es Salaam kwake haikuwa ugenini kabisa. Mtu wa Gaza au Lourenço Marques alifika akiwa na Kitsonga na Kireno, na sokoni ikabidi aoneshe kwa kidole anachotaka. Wote waliambiwa wao ni taifa moja. Lakini wengi wa kaskazini na wa kusini walikuwa wakionana kwa mara ya kwanza hapo Dar es Salaam.

Mondlane alichaguliwa rais kwa sababu, pamoja na elimu yake, hakuwa wa chama chochote kati ya hivyo vitatu. Lakini alirudi kwanza Syracuse kumaliza mkataba wake wa kufundisha, na akiwa huko ugomvi ukaanza, baadhi ya waanzilishi wakafukuzwa na wengine wakajitoa. Alipokuja kuhamia Dar es Salaam mwaka 1963 alikuta nyumba ina nyufa tayari.

Familia ilikuja pamoja naye. Mtoto wa kwanza aliitwa Eduardo kama baba yake, wa pili Chude, na wa tatu Nyeleti, ambaye alikuwa bado mchanga. Nyeleti kwa Kitsonga ni nyota. Walikuwa watoto wa baba wa Gaza na mama Mmarekani, wakilelewa pwani ya Waswahili kwa ajili ya nchi ambayo hawakuweza kukanyaga.

Mama Janet na shule ya Kurasini

Janet hakukaa nyumbani kumsubiri mume. Mwaka huo huo wa 1963 alianza kuijenga Taasisi ya Msumbiji, akawa mkurugenzi wake. Ilianza kama mahali pa kulala na kusomea vijana waliotoroka Msumbiji, kisha ikawa shule ya sekondari eneo la Kurasini, Dar es Salaam. Fedha za mwanzo zilitoka Shirika la Ford la Marekani. Ureno ilipolalamika shirika hilo likajitoa, na Janet akazunguka Ulaya kutafuta wafadhili wengine, hasa katika nchi za Skandinavia. Kadiri muda ulivyopita taasisi hiyo ilibeba pia kazi nyingine: shule ya msingi Tunduru, matibabu, na misaada kwa maelfu ya wakimbizi.

Kwa maoni yetu, shule ile ilikuwa na uzito sawa na kambi za kijeshi za Kongwa na Nachingwea. Wareno walikuwa wamewaacha watu wa Msumbiji karibu wote bila kujua kusoma. Nchi isiyo na muuguzi wala karani ingekuwa huru kwa jina tu.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na shule ikaendelea. Hapo ndipo maswali yakaja. Masomo yafundishwe kwa lugha gani? FRELIMO ilichagua Kireno, lugha ya adui, kwa hoja kwamba hakuna lugha nyingine iliyokuwa inaweza kumfikia mtu wa Gaza na mtu wa Cabo Delgado bila kumpendelea mmoja wao. Wengi wa kaskazini waliona Kiswahili kingefaa, au Kiingereza ambacho kingewafungulia vyuo vya nje. Pili, kijana akimaliza shule aende wapi? Uongozi ulisema aende kwanza akatumikie mapambano. Vijana wengi walikuwa na ndoto ya kusoma Marekani au Ulaya, na walimtazama rais wao: yeye si alipata shahada zote kwanza? Tukisema kweli, lilikuwa swali zito, na kulijibu mbele ya kijana wa miaka 18 hakukuwa rahisi.

Mwaka 1968

Mwanzoni mwa mwaka 1968 hasira ililipuka. Padri mmoja wa Kikatoliki kutoka Msumbiji, Mateus Gwenjere, aliwaunga mkono wanafunzi dhidi ya uongozi. Walimu kadhaa wa shule walikuwa Wareno weupe waliozaliwa au kukulia Msumbiji na kujiunga na FRELIMO. Wanafunzi walisema Mzungu hawezi kuwa mtu wa Msumbiji, aondoke. Mwezi Machi zilitokea vurugu shuleni Kurasini, polisi wakaitwa, na shule ikafungwa. Mwezi Mei kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO mjini, na Mateus Sansão Muthemba, mmoja wa viongozi, alipigwa na kufariki. Serikali ya Tanzania nayo, ikiona hali inachafuka, iliwaondoa nchini baadhi ya walimu wale weupe.

Kwa Mondlane ugomvi huu haukuwa wa vikao tu. Mkurugenzi wa shule iliyoshambuliwa alikuwa mke wake, na alikuwa Mzungu. Kama rangi ndiyo ingekuwa kipimo, basi mama wa watoto wake alikuwa mgeni milele, na watoto wenyewe wangekuwa nusu wageni. Wapinzani wake walilijua hilo na walilitumia. Wapo waliosema pia kwamba anaishi kwa raha kama profesa wakati wenzake wanalala porini. Upande wa pili, Lázaro Kavandame, mkubwa wa Wamakonde katika FRELIMO, alitaka Cabo Delgado iende njia yake. Wamakonde, alidai, ndio wanaokufa, na watu wa kusini ndio wanaotawala.

Mondlane hakuacha msimamo wake. Alishikilia kwamba adui ni ukoloni na si rangi ya mtu, na kwamba Mmakonde, Mtsonga na Mzungu aliyekubali kupigania uhuru ni wa nchi moja. Mwezi Julai 1968 alivuka Ruvuma na mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO ukafanyika ndani ya Msumbiji, mkoani Niassa, katika eneo lililokombolewa. Mkutano ulimchagua tena kuwa rais. Kavandame hakuhudhuria, na mwaka uliofuata alijisalimisha kwa Wareno.

Kifurushi

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969, siku ya Jumatatu, Mondlane alichukua barua zake ofisini akaenda Oysterbay, kwenye nyumba ya rafiki wa familia, Mmarekani aitwaye Betty King. Alipenda kufanyia kazi huko kwa sababu palikuwa na utulivu. Miongoni mwa barua kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua kililipuka, akafa hapo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 48. Janet alikuwa safarini Ulaya.

Uchunguzi wa polisi ulifuatilia betri za bomu lile hadi duka moja la Lourenço Marques, na kidole kikaelekezwa kwa polisi wa siri wa Ureno. Kwamba walisaidiwa na mtu wa ndani ya FRELIMO limekuwa jambo la kubishaniwa tangu siku hiyo. Hakuna aliyefikishwa mahakamani na kuhukumiwa.

Ibada ya mazishi iliongozwa na mchungaji Edward Hawley, Mmarekani aliyemfahamu tangu Oberlin na ambaye wakati huo alikuwa akiwahudumia wakimbizi Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alihudhuria. Mondlane alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, katika nchi isiyo yake. Kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji kilitoka mwaka huo huo, mwandishi akiwa kaburini.

Wengi walidhani Janet angefunga mizigo arudi kwao Marekani na watoto. Hakurudi. Alibaki Dar es Salaam akiendelea na kazi ya Taasisi, ambayo shule yake ya sekondari ilihamia Bagamoyo. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, chini ya Samora Machel, alihamia huko na familia yake. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha mji mkuu kilipewa jina la mumewe, na tarehe 3 Februari ni siku ya mashujaa nchini humo. Nyeleti, yule mtoto aliyeletwa Dar es Salaam akiwa mchanga, alikuja kuwa mbunge na waziri katika serikali ya Msumbiji. Mabaki ya baba yake yalitolewa Kinondoni yakapelekwa Maputo, ambako yamewekwa kwenye Uwanja wa Mashujaa.